Mzee wa Kemisti Aliyenifunza Kudunga Sindano

Mzee wa kemisti alikuwa akifunga mlango wa duka lake la dawa mara tatu. Kwanza kwa ufunguo, kisha kwa kuutikisa, halafu alitembea hatua ishirini hivi, akasimama, akarudi kuutikisa tena. Nilimwona akifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, saa saba mchana, nikiwa nimesimama na Mama kwenye ngazi za jengo lile la River Road, katikati ya mji, mfuko wa dawa nimeubana kifuani. Wapita njia walimcheka. Mimi sikumcheka. Nilikuwa na miaka kumi tu, lakini kila siku shuleni nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda msalani ili nimchungulie ndugu yangu dirishani mwa darasa lake, narudi kukaa, na kabla dawati halijapata joto naomba ruhusa tena. Niliujua ugonjwa wa mzee yule bila kuelezwa.

Jina lake lilikuwa kwenye cheti kilichotundikwa juu ya kaunta, ila nyumbani kwetu Waithaka, pembezoni mwa mji, hakuna aliyelitumia. Mama alisema "yule mzee wa kemisti". Baba alisema "yule Mhindi wenu". Ndugu yangu Kioko alimwita Mzee, basi. Alikozaliwa na alivyofika River Road sikuwahi kuuliza. Nilimjua kwa miaka kumi na mitatu, na karibu muda wote huo tulikuwa na mazungumzo ya aina moja: namna ya kumfikisha Kioko wiki ijayo.

Kioko aliugua mwaka wa themanini na tatu, akiwa na miaka sita. Alianza kwa kiu. Alikunywa maji kama mtu anayezima moto tumboni, akakojoa kila saa, akakonda mpaka kaptura yake ya shule ikafungwa kwa kamba ya katani. Mama alimpa dawa ya minyoo. Siku alipolala mezani saa ya chakula na kukataa kuamka, tulimkimbiza hospitali, akakaa huko wiki tatu. Alirudi na kikaratasi: ugonjwa wa sukari, sindano mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mama alimwuliza nesi ni za muda gani. Nesi akasema ni za maisha.

Mama hakuwa mwoga. Aliuza mboga sokoni Kawangware, na niliwahi kumwona akimfukuza mwizi kwa jiwe la mizani. Lakini sindano hakuweza hata kuishika. Baba alikuwa karani wa serikali, kahamishiwa Embu, nasi tulimwona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tulipofika kwenye kemisti mara ya kwanza na mzee akauliza, "Nani atadunga?", Mama alinitazama mimi.

"Huyu?" mzee akasema. "Ako na miaka ngapi?"

"Kumi."

Alinikagua kupitia miwani yake kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa. Chini ya koti jeupe alikuwa amevaa sweta ya rangi ya udongo, na hiyo sweta sikuwahi kumwona bila yake, hata Januari. Akaingia nyuma, akarudi na chungwa, bomba la sindano la kioo, na maji ndani ya kikombe cha chuma.

"Hii chungwa ni ndugu yako," akasema. "Dunga."

Nilidunga chungwa mara kumi na mbili. Alinionyesha kutoa hewa, kushika bomba kama kalamu, kuingiza haraka na kusukuma polepole. Wateja walikuja na kuondoka, yeye akiwahudumia bila kuniondolea jicho. Nilipodhani tumemaliza alifungua kichupa cha maji safi ya chumvi, akavuta kidogo sana kwa sindano mpya, akanipa.

"Sasa wewe mwenyewe. Hapa." Akajigusa pajani.

"Mzee, huyo si mgonjwa," Mama akasema.

"Najua, mama. Lakini huyu atadunga mtu kila siku. Lazima ajue inauma namna gani."

Nilijidunga. Mama aligeukia ukuta. Iliuma kama kung'atwa na siafu, kisha ikapoa.

"Imeuma?"

"Kidogo."

"Sawa. Usimwambie ndugu yako haiumi. Mwambie inauma kidogo. Ukidanganya mtoto juu ya sindano, hata kitu ingine hatakuamini."

Kioko hakuwahi kunikimbia. Kila asubuhi niliwasha jiko, nikachemsha bomba la kioo kwenye sufuria ndogo, nikaliacha lipoe, nikamwambia, "Itauma kidogo," naye akanipa mkono au paja kwa zamu, akitazama pembeni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapima mkojo wake kwa vile vidonge vilivyochemka ndani ya kijichupa na kubadilisha rangi. Buluu ilikuwa heri. Kijani ilikuwa onyo. Rangi ya tofali ilinifanya nisikie masikio yangu yakivuma. Kuna wasichana waliokuwa wakijua rangi za mitindo. Mimi nilizijua hizo tatu.

Hatukuwa na friji. Mzee alitufundisha kutumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, vyote kwenye kona isiyopata jua. Chupa ya insulini ilikaa humo kama yai. Jumamosi tulipofika alinihoji kabla hata ya kujibu salamu. Mchanga ulimwagiwa maji lini? Chupa imebaki kiasi gani? Mabaki ya chupa ya zamani yametupwa wapi? Ukipotea wewe, nani mwingine anajua? Alikuwa mtu wa kuona ajali ambayo bado haijapata hata nauli ya kufikia mlangoni. Akisikia radio inasema mvua, aliwaza barabara ya Waithaka imekatika. Akisikia walimu wananung'unika, aliwaza shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, hakuna wa kuona Kioko akianguka. Siku moja alichukua bahasha ya vidonge, akanichorea njia ya kufika kwake Muthangari.

"Mji ukifungwa, usije hapa. Njoo hii nyumba. Geti ya kijani."

"Mji utafungwa kwa nini?"

"Sijui. Lakini mlango yote inafungwa siku moja."

Nilimkasirikia kwa maneno hayo. Nilikuwa nimebeba hofu ya kutosha bila kuongezewa ya mji mzima. Hata hivyo nilikaa na ile bahasha, nikaikariri mpaka ningeweza kuichora nikiwa nimefumba macho.

Kwa watu wazima alikuwa mkali hadi kukosa adabu. Mtu mwenye tai angeingia na kuagiza dawa kali ya kikohozi bila karatasi ya daktari, na mzee angemwuliza, "Wewe ni daktari?", kisha angeendelea kupangusa kaunta kwa spiriti mpaka yule bwana aondoke. Alikuwa na bakuli la dengu za kukaanga chini ya kaunta, akizitafuna moja moja. Watoto aliwapa kiganja kizima. Kioko alipewa tano, zilizohesabiwa, na maelezo.

"Sindano haijui Krismasi," alipenda kusema. Alilisema kila Desemba, na nadhani alifurahia kulisema. Kioko aliigiza sauti yake nyumbani, na Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Katika miaka ile hapakuwa na mambo mengi ya kutuchekesha.

Siku ambayo sikuelewa kabisa mzee ni mtu wa namna gani ni siku ya mpira. Kioko alikuwa na miaka tisa, na mwalimu wa michezo alikuwa amemwona akikimbia. Mama alikataa katakata. Mimi nilikataa zaidi ya Mama, kwa sababu nilishamwona sukari ikimshuka. Ilitokea kwenye paredi ya asubuhi. Nilimwona kutoka mstari wa wasichana, shati limemganda mgongoni kwa jasho hata katika baridi ile ya Julai, anamtukana kiranja kwa maneno ambayo hakuyajua akiwa mzima. Nilivunja mstari, nikamkalisha chini, nikamtia glukosi mdomoni kwa kidole. Aliniuma. Nina kovu. Baadaye mwalimu alinichapa kwa kuvunja mstari, na Kioko hakukumbuka chochote.

Kwa hiyo tulikwenda kwa mzee tukiwa na hakika atakuwa upande wetu. Mtu aliyerudi kutikisa mlango wake mara ya tatu angemruhusu vipi mtoto wa sukari akimbize mpira?

Alimsikiliza Mama mpaka mwisho. Kisha akamwuliza Kioko, "Unacheza namba ngapi?"

"Saba, mzee. Wingi ya kulia."

"Hiyo ni kukimbia sana. Basi kabla ya mechi kula mkate vipande viwili. Glukosi iko ndani ya soksi. Refa anajua. Ukisikia mikono inatetemeka, unakaa chini hata kama umebaki wewe na golikipa."

"Mzee," Mama akasema, "akianguka uwanjani?"

"Atainuliwa. Mama, ukimweka ndani kama sahani ya wageni, huyu hatakuwa mtoto. Atakuwa mgonjwa tu. Kazi yote, mgonjwa."

Kioko alicheza namba saba kwa miaka sita. Sikuwahi kutazama mpira katika mechi zake. Nilitazama mikono yake.

Na kuna Jumamosi moja nilikwenda peke yangu, nikiwa darasa la nane, mtihani umebaki wiki mbili. Nilitoa taarifa yangu kama askari: mkojo kijani asubuhi, buluu jioni, mara mbili ameshuka, amekula vizuri. Mzee aliandika, akaweka kalamu chini.

"Na wewe?"

"Mimi sina kitu."

"Sikuuliza ugonjwa. Nauliza wewe. Unasoma? Una rafiki?"

Sikumbuki kama kuna mtu aliwahi kuniuliza swali hilo tangu Kioko alipotoka hospitali. Watu walinisalimia kwa kumwulizia yeye. Mchungaji, jirani, shangazi waliotoka Machakos, wote walianza na "Kioko anaendeleaje?" na wakaishia hapo. Nilijaribu kujibu, machozi yakanitangulia. Mzee hakusema pole. Alinisogezea bakuli la dengu, akanigeuzia mgongo, akapanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa, akachukua muda mrefu kuzipanga.

Sasa nieleze ile Julai ya mwaka wa tisini. Nilikuwa na miaka kumi na saba, Kioko kumi na tatu. Mji ulikuwa umechafuka. Watu walipambana na polisi, maduka yakafungwa, magari yakapotea barabarani, na hata Kawangware moshi ulipanda tangu asubuhi. Mama hakwenda sokoni. Tulikaa karibu na radio isiyosema kitu. Nilichukua chupa ya insulini chunguni, vidole vibichi, na papo hapo jirani akagonga mlango kwa nguvu kutuuliza kama tuna maji. Chupa ilinitoka. Ilianguka kwenye sakafu ya saruji na sauti ndogo sana.

Ilikuwa imejaa. Ile ya akiba ilikuwa imekwisha siku mbili kabla, na tulikuwa tumepanga kwenda mjini siku hiyo hiyo.

Mama alipiga magoti, akajaribu kukusanya ile dawa kwa kijiko. Kioko alisema, "Wacha, Mama. Nikiruka moja tu si kitu." Lakini alikuwa ameshaamka na rangi ya tofali, nami nilijua atakavyokuwa jioni, na atakavyokuwa kesho. Nilivaa raba, nikafunga kitambaa kichwani. Mama hakuniambia niende wala nisiende. Alinishika tu kiwiko, akakiachia.

Nilitembea. Kawangware nilipita vichochoroni, nikisikia vioo vikivunjika upande wa barabara kubwa. Kijana mmoja mwenye jiwe mkononi aliniuliza, "Siste, unaenda wapi na hii fujo?" Nilimwambia naenda kutafuta dawa ya ndugu yangu. Akasema, "Basi pita huku, kule kuna makarao," akimaanisha polisi, akanitoa mpaka mwisho wa nyumba za mabati. Baada ya hapo ni Lavington, mtaa wa matajiri unaopakana na Muthangari, na kimya chake kilinitisha kuliko ile kelele. Mageti yalikuwa yamefungwa, mbwa wakibweka ndani, njia nzima mimi peke yangu. Nilifika kwenye geti ya kijani karibu saa tano.

Mzee alifungua mwenyewe. Hakushangaa. Alikuwa ameshaleta nyumbani sanduku la barafu kutoka kemisti, insulini yote ya dukani, tangu juzi yake.

"Imevunjika?" akauliza.

"Kioko ameiangusha," nikasema.

Mpaka leo sijui uongo ule ulitoka wapi. Mzee alinitazama.

"Hapana," akasema. "Yeye hawezi kuangusha. Anashika hiyo chupa kama mkate wake. Wewe ndiye unashika kama bomu."

Nikalia, akaniacha nilie, akaingia ndani kufunga chupa kwenye pamba.

Hapo ndipo nilipoona nyumba yake. Kila kona ya meza ilikuwa imefungwa sponji na kitambaa. Miguu ya viti vilevile. Hakukuwa na chombo cha kioo popote, vikombe vyote vya chuma, na mlango wa jikoni ulikuwa na komeo upande wa nje. Kwenye kiti karibu na dirisha aliketi mwanamke wa miaka hamsini hivi, kavaa sari ya buluu, nywele zimesukwa vizuri, na juu ya jicho moja alama za zamani za kuanguka.

"Dada yangu," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Ana kifafa tangu mtoto."

Yule dada alikuwa ananitazama viatu. "Umetoka wapi?"

"Waithaka, mama."

"Kwa miguu? Njoo, kaa. Niambie njia. Ukitoka Waithaka unaona nini kwanza?"

"Usimchoshe," mzee akasema.

"Yeye hajachoka. Mimi ndiye nimechoka, kukaa." Alicheka kidogo. "Niambie."

Nilimweleza. Alitaka kila kitu: vibanda, mto mdogo pale chini, kijana mwenye jiwe alivaa nini, moshi ulikuwa mweusi au mweupe. Alisikiliza kama mtu anayekula. Niligundua kwamba ndugu yake hakuwa akimsimulia chochote cha nje, pengine kwa kuogopa kumshtua.

Mzee alirudi na chupa tatu ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na bahasha aliyoniandikia saa na vipimo vya kudunga. Akasimama mlangoni akinitazama mimi, kisha barabara, kisha dada yake. Nilielewa. Alikuwa na gari, lakini hakuwahi kumwacha peke yake, na mtumishi wa kukaa naye saa za kemisti hakuwa amefika kwa fujo ile.

"Mpeleke," dada yake akasema.

"Nani atakaa na wewe?"

"Nitakaa na mimi. Sitasogea kwenye kiti. Kama humpeleki, nitampeleka mimi kwa miguu, na mimi nataka sana."

Alinipeleka. Aliendesha gari lile dogo kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, mikono imeshika usukani mpaka vifundo vikawa vyeupe, midomo ikicheza bila sauti. Tulipofika mahali unapoanza kuona Kawangware, moshi ukiwa umetanda barabarani na watu wakikimbia kwa mbali, alisimamisha gari.

"Mimi naishia hapa," akasema. "Samahani. Siwezi."

Hakunidanganya kwamba petroli imekwisha. Hakusema njia imefungwa. Nilimwambia asante, mzee, nikashuka, nikatembea sehemu iliyobaki na chupa ya chai ndani ya kanga. Nilipogeuka bado alikuwa pale, katikati ya barabara, hajageuza gari.

Nilimkuta Kioko amelala sakafuni kwa sababu saruji ilikuwa baridi, anatapika, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Nikamwambia itauma kidogo. Hakunisikia. Nilimdunga, nikakaa naye, nikampa maji kwa kijiko, nikamdunga tena kama mzee alivyoniandikia kwenye bahasha. Jua lilipoanza kushuka aliuliza kama kuna mtu amemtafuta kwa ajili ya mpira. Mama alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba peke yake kwa muda.

Mimi na mzee hatukuizungumza siku ile. Nilimrudishia chupa ya chai, akaipokea, akauliza habari ya mchanga. Lakini tangu hapo nilikuwa na swali nililoshindwa kumwuliza. Mtu aliyemwambia mama yangu asimweke mtoto kama sahani ya wageni alikuwa na dada aliyemfungia ndani maisha yake yote. Kuna siku nilimwona mnafiki. Siku nyingine niliwaza kwamba labda alitushauri vile kwa sababu alijua vizuri nyumba ya namna ile inavyokuwa. Wala sikuwa na haki ya kumhukumu. Kioko alikua akawa mrefu kunipita, akajidunga mwenyewe kwa zile sindano za plastiki, akapima damu kidoleni, na bado mimi ndiye niliyeamua aondoke saa ngapi na arudi saa ngapi. Nilipata kazi ya kupiga chapa mjini. Nilikataa kuhamia karibu na kazi. Kijana mmoja aliyetaka kunioa alichoka kunisikia nikisema "mwaka ujao", akaoa mwingine.

Mwaka wa tisini na sita Kioko alipata nafasi katika chuo cha ufundi Eldoret. Alinionyesha barua akiwa amesimama, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi.

"Naenda, Mwende," akasema.

"Nani atakuona usipoamka asubuhi?"

"Sijui. Watu wa huko."

Tuligombana siku tatu. Mama alisema aende. Nikaona nimebakiwa na mtu mmoja anayeogopa kama mimi, na kwamba neno lake Kioko hawezi kulipuuza. Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikapanda ngazi za kemisti na ile barua mkobani.

Mzee alikuwa amezeeka ghafla. Rafu zilikuwa na mapengo. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alinitolea kiti. Nilimpa barua, akaisoma mara mbili.

"Hii ni mzuri," akasema. "Mitambo. Ni kazi ya maana."

"Ni mbali, mzee. Nimekuja unisaidie. Ukimwambia asiende, atakusikia."

Aliikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, taratibu.

"Dada yangu alikufa mwezi wa pili," akasema.

Nilisema pole. Nilisema sikujua.

"Si kwa kuanguka. Moyo tu, akiwa amelala. Miaka arobaini mimi nachunga asianguke, yeye anakufa kitandani." Alivua miwani, akaipangusa kwa ile sweta. "Unajua alitaka nini? Naivasha. Kuona kiboko. Saa moja na nusu kwa gari. Kila mwaka nasema, mwaka ujao, barabara ikitengenezwa. Mwaka ujao, ukipata nafuu. Na barabara ilitengenezwa."

Mteja aliingia, akaulizia dawa ya meno. Mzee alimpa, akasubiri atoke.

"Mimi nilikuwa nasema ni kwa ajili yake. Sasa nakaa kwa nyumba, hakuna mtu, na ile hofu bado iko. Haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Ilikaa kwangu, yeye akalipa."

Nilitazama mikono yangu.

"Ndugu yako aje Jumamosi mwenyewe," akasema. "Nitampa ya miezi mitatu, na barua kwa daktari wa Eldoret, mimi najua mmoja huko. Nitamfundisha kubeba kwa basi. Lakini wewe usije."

"Jumamosi hii?"

"Usije tena kabisa."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nilimwuliza nimemkosea nini. Akatikisa kichwa, akainua ubao wa kaunta, akapita upande wetu wa wateja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu.

"Umefanya vizuri, dada," akasema. "Sasa kazi imekwisha."

Akanirudishia barua ya Kioko, akanifungulia mlango. Sikumwona tena maishani.

Niliteremka mpaka River Road. Ilikuwa bado saa nne na nusu, na ruhusa yangu ilikuwa ya siku nzima. Wachukuzi walipita na mabomba ya chuma mabegani wakipiga kelele tuwapishe, nami nilisimama penye ngazi nikisukumwa huku na huku, sijui nielekee upande gani, kwa sababu tangu nikiwa na miaka kumi sikuwahi kutoka mlango ule bila kitu cha kukimbiza nyumbani. Mwishowe nilivuka, nikaingia hoteli ndogo iliyokuwa ng'ambo, nikaagiza chai. Mhudumu aliniuliza na sukari au bila. Kwetu tuliacha sukari sote siku Kioko alipotoka hospitali, ili asijione peke yake. Nikamwambia aweke, vijiko viwili. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Niliinywa yote, polepole, wala sikutazama saa.